Kumi Ziliingia, Kumi Zilitoka

"Kumi ziliingia, kumi zilitoka," alisema daktari, akalifunga faili na kulikandamiza kwa kiganja, kana kwamba lingeweza kufunguka lenyewe na kumkana. "Namba hazidanganyi, Mwalimu. Wewe ndiye ungepaswa kuniambia mimi maneno hayo."

Nilikuwa nimesimama. Alinionyesha kiti nikakikataa, kwa sababu nilijua nikikaa nitalia, na sikuwa nimekwenda kulia. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo ya plastiki. Dirisha lilipakwa rangi nyeupe mpaka katikati ili walio nje wasichungulie. Ghorofa moja juu ya vichwa vyetu mama yangu alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja mpaka tumboni, akitetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili, mchana wa jua kali. Mfuko wake wa nyongo ulikuwa umetolewa majuma mawili nyuma. Tuliambiwa ni upasuaji mdogo, wa kwenda na kurudi.

"Kumi za nini?" nikauliza.

Alinitazama kama anayeangalia saa. "Shashi, Mwalimu. Vile vitambaa vyeupe tunavyofyonzea damu. Zinahesabiwa kabla ya kupasua na zinahesabiwa kabla ya kushona. Nesi anahesabu kwa sauti, mwenzake anaandika ubaoni. Isipotimia, hatushoni. Ilitimia. Na kila shashi ina uzi unaoonekana kwenye eksrei. Eksrei umeiona kwa macho yako, ni safi. Mama ana maambukizi ya kawaida, na umri nao una neno lake."

Hospitali nzima ilimwita daktari huyu Bingwa, kuanzia mlinzi wa getini mpaka wauguza wagonjwa waliolala kwenye mikeka chini ya vitanda, na yeye aliliitikia jina hilo bila haya. Niseme mapema ili nisije nikaonekana nimepoa: hasira niliyoipata ndani ya chumba kile sijaimaliza. Nimeitumia kwa mambo mengi tangu siku hiyo, na bado ninayo ya akiba.

Ilinichoma zaidi kwa sababu alikuwa amenipiga kwa rungu langu mwenyewe. Kazi yangu ni falsafa ya hisabati. Chuoni nafundisha watu wazima, wengine wana ndevu na watoto, swali ambalo ulimwengu unadhani lilimalizwa chekechea: moja, mbili, tatu, hizi namba za kuhesabia, ni nini hasa? Wapo wanaosema ni vitu, vipo kweli ingawa havipo mahali popote, na vingekuwepo hata asingezaliwa mtu wa kuvihesabu. Wapo wanaosema si vitu, ni nafasi tu kwenye foleni: tatu ni yule anayesimama nyuma ya mbili, basi, hana sura nyingine. Na wapo wanaosema namba ni jibu, na jibu halieleweki mpaka swali limekamilika. Nikikuwekea mkungu wa ndizi mezani nikakuuliza ni ngapi, ukiwa na akili utanirudishia swali: unataka mikungu, chane, au ndizi? Mkungu wenyewe hauna jibu. Ni mkungu mmoja, ni chane nane, ni ndizi mia na ushee, na haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana nilimuuliza Bingwa kumi za nini. Yeye alidhani sijui shashi.

Mama aliwaambia majirani kwamba nafundisha hesabu. Si uongo, ila ni ukweli uliovishwa nguo ya kutokea. Aliona aibu kusema kwamba mwanawe wa kumzaa analipwa mshahara kwa kujiuliza moja ni nini.

Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu. Nusu ya watu wazima wa mtaa wetu walijifunza kuhesabu kwa sauti yake, na hata leo ukimsikia fundi bomba au mwanasheria anahesabu kimoyomoyo, midomo ikimcheza, utasikia anapumzika kidogo kwenye tano, kwa sababu Mama alikuwa akipumzika kwenye tano ili apige meza. Nami nilipita mikononi mwake. Darasani ilikuwa marufuku kumwita Mama. Nilimwita Mwalimu kama wenzangu, na alinichapa kama wenzangu, pengine na nyongeza kidogo ili asionekane ana upendeleo.

Siku moja alitugawia vizibo vya soda. Tukapanga vitatu vitatu. Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, hivi ni vizibo vitatu. Nikivitupa, tatu yenyewe inabaki wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Inabaki kichwani mwako," alisema. "Na kama haimo, nitaiingiza mimi."

Nilisimama kwenye korido mpaka kengele ya kutoka. Jioni nyumbani nikalirudia lile swali, mara hii kwa Mama badala ya Mwalimu, kwa sababu niliamini ni watu wawili tofauti. Alikuwa akipakua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea sahani mbele. "Kula," akasema. Halafu, nilipokuwa nimeshasahau, akaongeza: "Moja ni moja. Ukianza kuichokonoa, utazeeka hujafika mbili."

Kwa kweli hajakosea sana. Nina mvi, na bado niko kwenye moja. Lakini tangu korido ile palikuwa na vita kati yetu, vita ya chini kwa chini, ya watu wanaosalimiana vizuri. Nilipopata shahada ya kwanza aliniuliza kama sasa nimeshajua kuhesabu. Nilipopata ya tatu alialika watu, akapika, akacheza, na wakati wa kuosha vyombo akaninong'oneza: "Haya Profesa, tatu iko wapi?"

Basi kutoka chumbani kwa Bingwa nilikwenda kumtafuta nesi aliyehesabu.

Nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye ngazi za saruji zinazoelekea kufulia, amevua viatu anakanda nyayo. Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa plasta ya hospitali. Alipojua mimi ni nani alisimama peku.

"Dada, mimi nilihesabu. Wallahi nilihesabu. Ubaoni ipo."

"Sisemi hukuhesabu. Nauliza ulihesabu nini."

"Shashi."

"Zote zilikuwa nzima?"

Nilimwona akirudi ndani ya kile chumba cha upasuaji kwa macho yake, akipita juu ya beseni moja moja. Mikono yake ikaanza kunyanyua vitu ambavyo havikuwepo.

"Kulikuwa na moja," alisema taratibu. "Ukingo wake ulikuwa unatoka nyuzi. Zinazotoka kiwandani zimekunjwa ukingo na kushonwa pande zote. Nikadhani imetengenezwa vibaya. Ilikuwa imelowa damu, dada, imejikunja, huwezi kujua ukubwa. Nikaihesabu."

"Nani alikuwa na mkasi?"

"Bingwa aliomba mkasi. Anaombaga tu, mimi nampa. Nilikuwa nimegeuka natia uzi kwenye sindano."

"Shashi inaruhusiwa kukatwa?"

"Haikatwi! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua haikatwi. Ukikata..." Akaketi chini kwenye ngazi, mkono umeziba mdomo. "Ule uzi wa eksrei uko upande mmoja tu."

Sasa nililiona lote. Chini ya ini la mama yangu palikuwa na kona nyembamba, shashi ilikuwa kubwa, ndogo hazikuwa karibu, na Bingwa hakuwa mtu wa kusubiri. Akakata. Kwa mkasi ule kumi zikawa vipande kumi na kimoja, na mtu pekee aliyejua hakusema neno. Kisha vikatoka vipande kumi, tisa vizima na nusu moja, ile yenye uzi, na kila kimoja kikapewa namba yake na binti huyu aliyekuwa akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa. Nusu isiyo na uzi ikabaki ndani, mahali ambapo hesabu haikuiona wala eksrei haikuiona. Hakuna mahali popote katika mlolongo ule ambapo ungeweza kuweka kidole ukasema hapa mtu alihesabu vibaya.

Nilirudi kwa Bingwa mbio. Sikubisha hodi.

"Sikumbuki kukata kitu," alisema. Nilipoendelea, sauti yake ikapanda. "Na hata kama! Unajua maana ya kumfungua tumbo mtu mwenye homa, wa umri ule? Nimfungue kwa sababu nesi ameota nyuzi? Nina hesabu iliyotimia na eksrei safi. Wewe una nini? Una swali." Alivuta pumzi, akajirudi, akavaa tabasamu. "Lakini mimi si mtu mbaya. Mgonjwa mwenyewe akitaka, atie sahihi. Twende tukamuulize."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Bingwa ilikuwa na lami.

Kitandani kwa Mama alikuwapo Mjomba, mdogo wake, fundi wa kufuli, mtu mpole ambaye sera yake katika ugomvi wowote wa ukoo ilikuwa maneno mawili: "Mimi simo." Alikuwa ameleta chai kwenye chupa na mkate. Bingwa akainama, akamwamkia Mama shikamoo ya heshima kabisa, akamshika mkono, akamweleza kwa sauti laini kwamba binti yake ana wasiwasi, na wasiwasi ni haki ya mtoto, ila yeye kama daktari lazima aseme ukweli. "Zilihesabiwa mara mbili, Mama. Kwa sauti, na ubaoni. Kumi kwa kumi."

Uso wa Mama, uliokuwa na rangi ya majivu tangu asubuhi, ulipata uhai. Alikuwa amesikia maneno ya nyumbani kwake.

"Umesikia?" akaniambia. "Wamehesabu. Kwa sauti."

"Mama, moja ilikatwa—"

"Asante, daktari. Nenda kawaangalie wenzangu. Mimi sitii sahihi."

Na Bingwa akaenda. Alipita karibu yangu bila kunitazama, akinukia sabuni.

Mambo yalitumbukia nyongo hapo. Nilivuta meza ndogo ya chakula mbele ya mama yangu, nikaweka vipande viwili vya mkate juu ya sahani.

"Hivi vingapi?"

"Usinifundishe mimi."

"Mama, vingapi?"

"Viwili. Haya."

Nikakata kimoja katikati, nikampa Mjomba nusu, nikamwambia aifiche nyuma ya mgongo wake. Mjomba akatii, macho yakimtoka. "Sasa sahanini vingapi?"

"Viwili."

"Vilikuwa viwili, na sasa viko viwili. Kwa hiyo hakuna kilichopotea."

Aliiangalia sahani, akaniangalia mimi. Lilikuwa lile jicho la korido. "Kilichopotea kiko mgongoni kwa mdogo wangu. Nimekiona. Mtu mwenye macho anakiona. Unataka kuniambia nesi aliyesomea hana macho? Mtoto wa darasa la kwanza hachukui nusu akaiita moja. Ningemchapa."

"Ikiwa imejaa damu? Ikiwa imejikunja? Ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba kuna nusu?"

"Moja ni moja!" Maumivu yalimshika katikati ya neno, akauma blanketi, jasho likamtoka mpaka kwenye kope. Yalipopita alizungumza kwa sauti ndogo, na mimi ningependa zaidi anifokee. "Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu: hesabu vizuri, utapata jibu la kweli. Wengine hawakuwa na kitu kingine cha kushika. Sasa wewe unataka nitie sahihi kwenye karatasi ya hospitali kwamba nilikuwa nawadanganya?"

Nilimkasirikia. Mama yangu alikuwa anakufa mbele yangu na mimi nilikuwa nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Bingwa, kwa sababu Bingwa alikuwa anaokoa ngozi yake, jambo linaloeleweka, na yeye alikuwa tayari kufa ili kumi ibaki kumi. Nilimwambia mengi. Nilimwambia kwamba namba haikai ndani ya kitambaa kama doa, kwamba watu ndio wanaokubaliana kipi kiitwe kimoja kabla ya kuanza kuhesabu, kwamba binti wa watu alihesabu vipande huku kila mtu akisikia shashi. Nilisema vizuri. Nimewahi kutoa mihadhara mibovu zaidi na kupigiwa makofi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Mama alifumba macho, akayaacha hivyo, kama alivyokuwa akifanya darasani kusubiri kelele ziishe.

Ndipo nikakaa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, na kama nilivyojua, nikalia.

"Haya," nikasema. "Kumi ni kumi. Moja ni moja. Umeshinda, Mama, mimi sijui kitu. Tia sahihi tu. Si kwa ajili ya hesabu. Kwa ajili yangu, kwa sababu sitaki ufe."

Kisha nikahisi mkono wake, wa moto na mkavu, ukigonga goti langu.

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema. "Unazunguka, unazunguka, mikate, nini... Lete kalamu."

"Mimi simo," Mjomba akasema kutoka pembeni, nusu mkate ikiwa bado mgongoni, "lakini kalamu ninayo."

Mama alitia sahihi. Halafu hakuiachia karatasi mpaka nilipoandika chini yake, kwa mkono wangu, huku akisimamia kila herufi, kwamba mgonjwa anakubali kupasuliwa tena ingawa hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi. Niliandika. Miaka yote ile ya kusoma, na kilichomfanya mama yangu akubali kuokolewa ni mimi kukana kila nilichosoma. Hata hilo liliniudhi. Niliudhika huku nikibusu vidole vyake.

Walimpasua jioni ileile. Si Bingwa aliyefanya. Ghafla alikuwa na safari. Baada ya saa nyingi alitoka daktari kijana, barakoa ameishusha kidevuni, akaniambia wametoa kitu.

"Kitu gani?"

"Kitu," alisema, akitazama viatu vyake. "Kilikuwa kimeanza kuoza. Mama ana bahati."

Mimi nikacheka, na kicheko hicho kilimtisha. Hospitali iliyokuwa na namba ya kila jambo, siku hiyo haikuweza kutamka hata moja.

Alipona polepole, kwa hasara. Alipungua mpaka nguo zake zikamvaa yeye. Alikuwa bado anatembea kwa kushika kuta tulipoitwa mbele ya kamati ya hospitali, na nilimwomba asiende, nikamwambia nitasema mimi, nimeandaa kila kitu. Alivaa gauni lake la wakaguzi, la buluu lenye kola, alilokuwa akilivaa siku ambazo wakaguzi wa elimu walikuja kukaa nyuma ya darasa lake. Tulilibana kwa pini mgongoni.

Kamati ilikaa upande mmoja wa meza ndefu. Bingwa alikuwa upande huohuo wa kamati, kiti cha mwisho, amekunja nne. Yule nesi alikaa peke yake upande wa pili, miwani sasa ameifunga plasta mikono yote miwili. Nilielewa kabla hawajaanza kusoma kwamba kesi imeshapikwa, na ni nani atakayeliwa.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa sauti ya upole. Alimpa Mama pole kwa niaba ya uongozi. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu: je, kwa yale yaliyompata, anaridhika kwamba muuguzi huyu alikosea kuhesabu? Aliuliza huku kalamu yake ikiwa tayari imegusa karatasi. Lilikuwa jibu jepesi la kutoa. Mimi mwenyewe nilimtazama Mama nikingoja hiyo "ndiyo", na nakiri sehemu yangu moja ilikuwa na njaa ya kuisikia kutoka mdomoni kwake: kwamba hesabu inaweza kuwa na kasoro, kwamba kumi si kumi.

"Hapana," alisema Mama.

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Hesabu ilikuwa sahihi. Nilisema tangu nikiwa kitandani, na iliandikwa, muulizeni huyu." Alisimama, mkono mmoja umeshika meza. Hakuna aliyemwambia asimame. Hakuwahi kufundisha akiwa amekaa. "Huyu binti alipewa vitu, akavihesabu, vikawa kumi, akasema kumi. Mlitaka afanye nini kingine? Mwanafunzi wangu akihesabu vijiti vyake, mtu akaja akavunja kimoja bila kumwambia, nimchape mwanafunzi?" Akageuka taratibu, kwa sababu mshono ulikuwa unamvuta. "Daktari, ulipoikata, ulimwambia?"

Bingwa hakushtuka. Watu wa aina yake hawashtuki, wala usiwangoje. "Mama yangu," alisema, "katika chumba cha upasuaji mtu huwezi kutangaza kila unachofanya."

"Sijakuuliza kila unachofanya. Nimekuuliza hilo moja."

"Tumekusikia, Mama," alisema mwenyekiti. "Tunashukuru sana. Kaa tu upumzike."

Niliandaa kurasa tisa; sikusoma hata mstari. Kulikuwa na nini cha kuongeza? Maisha yote yeye alisema hesabu ni ya kweli na mimi nilisema moja si kitu kinacholala chini kikisubiri kuokotwa, na tukagombana kama watu wenye maneno mawili. Moja ni neno ambalo walio mezani wamekubaliana kulitunza. Bingwa aliligeuza ndani ya ngumi yake na akamwacha mwenzake aendelee kuhesabu kwa nia njema. Hesabu haina kinga dhidi ya hilo. Mama alilisema bila falsafa yoyote, na bila kunigeukia mimi hata kidogo, na nilimwonea fahari, na nilichukia kwamba ilibidi akatwe tumbo mara mbili ndipo tukubaliane.

Nje, kwenye gari la Mjomba, nilijaribu. "Mama, lakini kule ndani ulichosema ndicho ninachosema mimi miaka yote."

"Mimi nimesema kumi ni kumi," akajibu, akifunga mkanda juu ya mshono kwa uangalifu. "Wewe hujawahi kusema hivyo ila siku moja, na siku hiyo ulikuwa unaongopa. Unadhani sikujua?"

Mjomba akawasha gari haraka.

Uamuzi ulikuja ndani ya bahasha yenye nembo. Kosa la kuhesabu lililofanywa na muuguzi wa zamu: ndivyo ulivyosema, katika sentensi moja, na chini yake sahihi zote. Mkasi haukutajwa. Binti wa watu alipelekwa kufulia, kule kwenye ngazi nilikomkuta akikanda nyayo, ahesabu mashuka. Bingwa yupo. Siku hizi yuko kwenye kamati, amehama kutoka kiti cha mwisho.

Mama aliisoma barua ile amesimama mlangoni, miwani puani. Nilidhani atalia, au atakaa chini, au ataniambia aliyaona haya tangu mwanzo. Aliingia ndani, akarudi na kalamu nyekundu. Aliweka karatasi juu ya ukuta wa kibaraza, akapiga mstari chini ya "kosa la kuhesabu", akaweka alama kubwa ya kosa pembeni, ile iliyowaliza wengi wetu utotoni, na chini kabisa, juu ya sahihi zao, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Rudia*. Akairudisha kwenye bahasha ileile na kumpa Mjomba aipeleke kwa mkono. Mjomba hakusema hayumo. Aliichukua, akavaa shati safi, akaenda.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, mkali vilevile. Kila nilipokwenda kumsalimia, kabla hata sijavua viatu, aliniuliza: "Wamerudia?"

"Bado, Mama."

"Wakumbushe."

Nami niliwakumbusha, kila mwaka, kwa barua na kwa miguu yangu mwenyewe. Yeye sasa hayupo wa kuniuliza. Bado hawajarudia.